Kabla hujauliza dawa ya magugu, angalia nyasi zako

Wafugaji wengi wakinipigia, swali la kwanza ni dawa gani inaua hili gugu, na mi huwa nawaambia ngoja kwanza, twende malishoni tukaangalie nyasi. Juzi kati nilikuwa kwa mama mmoja, eneo lake limejaa gugu karoti (parthenium, gugu vamizi lenye majani kama ya karoti), nikachuchumaa nikashika shina la nyasi nikalivuta kidogo tu, likatoka lote, mizizi yenyewe mifupi kama kidole. Mama akaniangalia hakusema kitu, ila alielewa. Ng'ombe wake wanashinda palepale mwaka mzima, nyasi ikichipua leo kesho imeshang'atwa, majani hayatoshi kuitengenezea chakula, mizizi inasinyaa, udongo unabaki wazi, na pakiwa wazi gugu ndo linaingia.

Sa hilo gugu karoti lina haraka balaa, linaweza kutoa maua ndani ya wiki 4 mpaka 6 baada ya kuota na mche mmoja unaweza kumwaga mbegu zaidi ya 10,000, kwa hiyo ling'oe kabla ya maua, udongo ukiwa na unyevu, na uvae glavu maana linawasha ngozi vibaya, na ng'ombe akilila maziwa yanakuwa machungu.

Ila kazi kubwa ni kugawa malisho, hata kwa fensi ya muda. Wakati wanakula huku, kule kunapumzika. Usihesabu siku, angalia urefu: nyasi zikibaki sentimita 10 hivi, karibu upana wa ngumi, watoe, na usiwarudishe mpaka zijae tena, kiangazi itachukua muda mrefu zaidi na inabidi uvumilie. Pale palipobaki udongo mtupu panda, mfano nyasi za Rhodes, mbegu zake nyepesi sana changanya na mchanga mkavu ndo zitawanyike vizuri, na usizifukie zaidi ya sentimita 2 maana hazitatoka.

Dawa siikatai jamani. Ila glyphosate inaua na nyasi zako, na 2,4-D inaacha nyasi lakini inaweza kuua au kudhuru desmodiamu na mikunde mingine ya malisho uliyohangaika kuipanda. Na hapa naomba mnisikilize kabisa, magugu yenye sumu yakishapuliziwa yanaponyauka ng'ombe wanaweza kuyapenda kuliko mwanzo, kwa hiyo wasiingie humo mpaka yafe na kuoza kabisa, maana mengine hubaki na sumu hata yakiwa makavu. Lantana nayo, kile kichaka chenye vishada vya maua ya rangi rangi, msiichukulie poa, inaharibu ini, halafu ng'ombe akikaa juani ngozi ya pua na masikio inababuka, nimeshaona ndama wa hivyo na inauma sana kumtazama.

Na ukinunua ng'ombe kutoka kwingine, mweke zizini kama wiki hivi kabla hajaingia malishoni, mbegu nyingi za magugu zinapita tumboni zikiwa hai na zinatoka na kinyesi. Hicho kinyesi kirundike kwanza kichemke kiive, usikimwage kibichi kwenye nyasi.