Boza la lita 10,000 huisha kwa dakika ngapi? Hesabu za kupanga zimamoto na uokoaji Nairobi

Kila nyumba za mabati zinapoteketea Nairobi, lalamiko huwa lile lile: gari la zimamoto limekuja bila maji. Mara nyingi maji yalikuwamo. Gari lilifika na lita 5,000, likafungua mipira miwili ya milimita 45, kila mmoja ukitoa lita 475 kwa dakika, na dakika tano baadaye tangi likawa kavu. Aliyefika dakika ya sita alikuta gari jekundu limeegeshwa, wazima moto wamelowa jasho na mpira umelala chini. Hasira yake ni ya haki. Kosa lenyewe lilifanyika ofisini miezi mingi kabla, mpango ulipohesabu magari ukasahau kuhesabu maji.

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliipa kaunti kazi ya kuzima moto na kukabiliana na majanga. Kwa hiyo mwenye kupiga hesabu hizi ni kaunti. Ninapopitia mpango wowote, swali langu la kwanza ni hili: mahali fulani palipotajwa kwa jina, zitafika lita ngapi kwa dakika, na zitaendelea kufika kwa muda gani bila kukatika? Gari liwe la mwisho kununuliwa.

Chukua boza, yaani lori la kubeba maji, la lita 10,000. Kulijaza kwa kasi ya lita 1,000 kwa dakika ni dakika 10. Safari ya dakika 10 kwenda na 10 kurudi ni 20. Kumwaga, dakika 10 nyingine. Mzunguko mzima ni dakika 40, kwa hiyo boza hilo linakupa lita 250 kwa dakika tu. Ile mipira miwili inataka 950. Unahitaji maboza manne yasiyosimama. Sasa angalia mahali pa kujazia: maboza manne kwa dakika 10 kila moja ni dakika 40, sawa kabisa na mzunguko wenyewe. Hakuna nafasi hata ya dakika moja. Dereva mmoja akikwama Jogoo Road, wenzake wanapanga foleni bombani na mpira kule motoni unalegea. Ndiyo maana nadai sehemu mbili za kujazia kwa kila eneo la hatari, na tangi la kukunjua pale kwenye mkasa. Boza likimwaga yote ndani ya tangi hilo kwa dakika tatu na kuondoka, mzunguko unashuka hadi dakika 33 na unapata lita 300 na ushee kutoka kwa boza lile lile. Tangi la turubai ni rahisi mno kuliko boza la tano.

Maji yatoke wapi? Haidranti za barabarani, yaani mabomba ambayo gari la zimamoto huchotea maji, zichorwe kwenye ramani, lakini ramani isiyo na presha ni pambo. Kila moja ipimwe mara mbili, alfajiri na saa moja jioni wakati kila jikoni mfereji umefunguliwa, na siku za mgao wa maji ziandikwe kando yake. Baada ya hapo tafuta matangi ya viwanda vya Industrial Area, visima vya mitaa yenye majumba ya ghorofa, mabwawa ya kuogelea ya hoteli na shule. Makubaliano na mwenye maji yaandikwe na kutiwa sahihi kabla ya moto: nani ana ufunguo wa lango usiku, boza litageukia wapi, kiungio cha bomba ni cha aina gani. Kiungio ndicho huangusha mipango mizuri. Gari la kaunti, bomba la kiwanda na gari la kampuni binafsi vinaweza kuwa na viungio vitatu visivyoshikana, na bila adapta maji yatabaki ndani ya tangi huku kila mtu akiyaona.

Kuhusu kufyonza maji mtoni au bwawani, kuna jambo ambalo vitabu vilivyoandikwa kwa miji ya pwani havitakuonya. Pampu haiyavuti maji, ni uzito wa hewa unaoyasukuma yapande. Mombasa uzito huo unaweza kuyainua mita 10.3 kinadharia. Nairobi, karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, ni mita 8.3 hivi. Ukiondoa kinachopotea ndani ya mpira na pampu, Mombasa utapata kama mita 7, na hapa usipange zaidi ya 5. Pampu ikikaa juu ya daraja la Mto Mathare lililo mita 6 juu ya maji, inaweza kunguruma bila kutoa kitu. Na mito yetu imejaa karatasi za plastiki, hivyo chujio la mpira wa kufyonza liwekwe ndani ya kikapu cha waya, na mtu mmoja awe na kazi moja tu, kulisafisha.

Mita 200 za mwisho

Mukuru kwa Njenga au Mathare, gari hubaki barabara kuu. Moto uko mita 200 ndani ya vichochoro. Ukiunganisha mipira ya milimita 45 umbali huo wote na kusukuma lita 475 kwa dakika, msuguano peke yake unakula presha ya karibu bar 11. Pampu nyingi hufanya kazi kwenye bar 10. Nozeli itadondosha maji kama bomba la jikoni. Maji yale yale kwenye mpira wa milimita 70 hupoteza chini ya bar 2. Kwa hiyo tandaza mistari miwili ya milimita 70 hadi mita 150, funga kigawanyo, kisha utoke na mipira ya 45 kwa hatua za mwisho tu. Mtu abaki kwenye kila njiapanda ya kichochoro, maana mkokoteni au pikipiki ikipita juu ya mpira ulio wazi kwa presha, unapasuka. Wazee wa mtaa na vijana wa Nyumba Kumi, ule mpango wa majirani kulinda mtaa wao, wakipewa kazi hiyo mapema, wakafundishwa nusu siku, huifanya vizuri kuliko askari mgeni, kwa sababu wanajua ni nani wa kuzungumza naye pale watu wanapotaka kunyakua mpira kila mmoja aelekeze kwake.

Gari nalo lina mahitaji yake. Kipimo kinachotumika Uingereza ni njia ya mita 3.7, lango la mita 3.1 na ardhi inayobeba tani 12.5. Katika mitaa ya Pipeline, ambako majumba yamebanana, gari la ngazi ndefu halina hata mahali pa kutandaza miguu yake ya kujiegemeza, na nyaya za umeme ziko juu ya kichwa. Hapo usinunue ngazi. Dai bomba kavu la zimamoto kwenye ngazi za jumba, yaani bomba tupu ambalo gari husukumia maji hadi ghorofani, milango isiyofungwa kwa kufuli, na mazoezi ya kuondoka ambayo Kanuni za Kupunguza Hatari ya Moto za 2007 zinataka yafanyike mahali pa kazi angalau mara moja kila miezi 12.

Tuje kwenye muda. Kiwango cha Marekani ni gari la kwanza kusafiri dakika 4 na kikosi kamili dakika 8. Kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, dakika 4 ni kilomita 2 za barabara, ambazo kwa kuwa barabara hupindapinda ni kama kilomita 1.5 kwa mstari ulionyooka. Duara la umbali huo kuzunguka kituo lina kilomita 7 za mraba. Nairobi ina kilomita 696 za mraba. Ukiondoa Mbuga ya Taifa unabaki na takriban 580, na unahitaji vituo 82. Kwa dakika 8 unahitaji 21. Sasa punguza mwendo hadi kilomita 15 kwa saa, kama ilivyo jioni ya mvua, na zile dakika 8 zinarudi kutaka vituo 82. Msongamano wa magari umekuzidishia mahitaji mara nne bila nyumba hata moja kuongezeka. Maoni yangu ni kwamba kaunti isijaribu kufukuza vituo 82 vikubwa. Ijenge vituo vya dakika 8 kwa jiji zima, kisha mitaa iliyosongamana iwekewe vibanda vidogo vyenye gari jepesi au pikipiki, pampu ya kubebeka, mipira na watu wanne wa zamu. Moto wa chumba kimoja huzimwa na lita 500 zikifika mapema. Dakika 15 baadaye lita 10,000 hazitoshi.

Watu wenyewe huhesabiwa vibaya kila mwaka wa bajeti. Kiti kimoja kwenye gari, mchana na usiku, ni saa 8,760 kwa mwaka. Mfanyakazi wa saa 48 kwa wiki ana saa 2,496. Ondoa likizo ya siku 30, sikukuu, siku 15 za mafunzo na chache za ugonjwa, atabaki na kama 2,000. Kiti kimoja kinahitaji watu 4.4. Gari la watu sita ni watu 27. Kaunti ikinunua magari matatu bila kuajiri watu 81, imenunua ving'ora.

Mafuta na gesi

Sinai, tarehe 12 Septemba 2011, petroli ya bomba ilitiririka kwenye mtaro na zaidi ya watu 100 wakafa. Maji hayazimi petroli, petroli huelea juu yake na kusambaa nayo. Kinachotakiwa ni povu, na povu lina hesabu. Kwa aina inayotandaza utando, panga lita 4.1 kwa dakika kwa kila mita ya mraba, kwa dakika 15. Dimbwi la mita 200 za mraba linataka lita 12,300 za mchanganyiko. Dawa ya povu ikiwa ya kuchanganywa kwa asilimia 3, hiyo ni lita 369, yaani mitungi 19 ya lita 20. Usianze na mitungi 8 ukitarajia mingine iko njiani, kwa sababu povu la nusu dimbwi linaungua na unaanza upya. Subiri itimie, ondoa watu, kisha anza.

Gesi ya kupikia, kama ile iliyolipuka Embakasi usiku wa tarehe 1 Februari 2024, ni nzito kuliko hewa. Hutambaa mitaroni hadi ikutane na jiko la mtu. Ikiwa inawaka kwenye vali na vali haifungiki, usiuzime mwali. Poza sehemu ya juu ya tangi, ambako hakuna kimiminika cha kupunguza joto la chuma, na usogeze watu mbali.

Jumba likiporomoka

Huruma, katika jumba lililoporomoka tarehe 29 Aprili 2016, mtoto mchanga alitolewa hai baada ya takriban saa 80, na hata siku ya sita watu walitolewa wakiwa wazima. Hii iwe jibu kwa yeyote anayetaka kuingiza tingatinga siku ya pili. Chini ya slabu zilizolaliana hubaki mianya, na mashine ikivuta kipande kimoja upande huu, mwanya wa upande ule unafungika.

Kwanza weka mpaka: mara moja na nusu ya urefu wa majumba ya jirani, kwa sababu jirani huwa amejengwa na fundi yule yule. Kenya Power wakate umeme wa mtaa wote na wathibitishe kwa maneno, na hata baada ya hapo kila waya uchukuliwe kuwa una umeme, maana kuna nyaya zisizopita kwenye mita yoyote. Kisha kimya. Ishara za filimbi za INSARAG, mtandao wa Umoja wa Mataifa wa vikosi vya uokoaji, ni chache na zifundishwe kila mtu: mlio mmoja mrefu wa sekunde tatu, simameni na nyamazeni, mitatu mifupi, tokeni, mmoja mrefu na mmoja mfupi, endeleeni. Kimya hicho lazima kiwafikie watazamaji pia, pamoja na jenereta na gari la wagonjwa linalounguruma. Anayesikika huandikiwa V ukutani kwa rangi, chini yake L na idadi ya walio hai, D na idadi ya waliofariki. Wakitolewa, namba hukatwa na mpya kuandikwa, ili zamu ya usiku isichimbe upya palipokwisha kuchimbwa.

Kuinua kunataka mbao kuliko mashine. Slabu ya mita 4 kwa 4, unene wa sentimita 15, ina uzito wa karibu tani 5.8. Kitalu cha mbao za inchi nne kwa nne, mbili zikipishana juu ya mbili, kina sehemu nne za kugusana, na kwa mbao za Marekani hukadiriwa tani 11. Kwa sayprasi ya hadiwea zetu mimi hukata nusu, kwa hiyo slabu hiyo inataka vitalu viwili. Kimo kisizidi mara tatu ya upana, na slabu ikiwa imeinama kisizidi mara moja na nusu. Inua sentimita chache, sukuma kabari, inua tena. Mbao, kabari, misumari na misumeno vikae vimepakiwa kwenye trela moja, kwa sababu saa nane usiku hadiwea zote zimefungwa. Na aliyebanwa mguu kwa saa kadhaa asiondolewe uzito kabla ya daktari au mhudumu kumtundikia maji ya chumvi mshipani, maana sumu ya misuli iliyopondeka humiminika moyoni na figoni pindi mguu unapoachiliwa.

Pesa zina kalenda yake. Trela hiyo, tangi la kukunjua na wale watu 27 waingie kwenye mpango wa maendeleo wa mwaka unaofika bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba, la sivyo hawatakuwamo kwenye bajeti ya Julai inayofuata. Mfuko wa dharura ni wa mkasa ambao haukutarajiwa. Moto wa soko la Gikomba, unaorudi kila mara, hauwezi kuitwa hivyo.

Zoezi la kupima yote haya lifanyike Ijumaa ya mwisho wa mwezi, jioni, bila kuwaambia madereva njia. Pima kitu kimoja: dakika kutoka simu inapoingia hadi maji yatoke kwenye nozeli iliyo mita 200 ndani, kisha kama yatadumu nusu saa bila kukatika. Anayeshika saa asiwe wa kikosi. Kiungio cha kiwanda fulani kikikataa kushika, fundi achonge adapta wiki hiyo hiyo, ifungwe kwa mnyororo kwenye boza, na jina la lango liandikwe juu yake kwa rangi.