Sabuni nzito sio lazima iwe kali

Wateja wangu hapa Mtwara na hata wanaochukua mzigo wa kupeleka Lindi, mtu akishika galoni ya sabuni ya maji au shawa jeli kitu cha kwanza anaiinamisha, ikishuka taratibu kama uji anasema hii ndo yenyewe, ikichezacheza anairudisha na kusema nimeichakachua kwa maji. Jamani, hili limenichosha. Uzito na ukali, yaani nguvu ya kuosha, ni vitu viwili tofauti kabisa.

Kinachoosha ni slesi (SLES) na sulfoniki, kemikali za kuoshea tunazotia kwenye sabuni, hizo ndo zinashika mafuta upande mmoja na maji upande wa pili zinaondoka na uchafu. Uzito unaletwa na chumvi, hii hii ya jikoni. Slesi ikiwa kwenye maji inajikusanya vifungu vidogo vya duara, ukitia chumvi vile vifungu vinarefuka na kusokotana, sabuni inakuwa nzito na slesi haijaongezeka hata tone. CMC, ule unga wa kuongeza uzito, ndo kabisa, ikoroge kwenye maji matupu utapata kitu kizito kinachovutika ambacho hakitoi hata shombo ya samaki kwenye sahani.

Sasa kwa imani hiyo hiyo watengenezaji nao wanamwaga chumvi bila kipimo. Chumvi ina mwisho wake, ukiupita sabuni inarudi majimaji na haiwi angavu tena, mtu akiona nyepesi anaongeza chumvi tena, ndoo nzima inaharibika. Ukifika hapo dada yangu ongeza maji kidogo kidogo, ndio, maji! Itapanda tena maana umeizimua ile chumvi iliyozidi. Na mwanzoni kabisa, kwa ndoo ya lita 20 yeyusha gramu 200 za chumvi kwenye maji pembeni, tia kidogo, koroga, subiri uone, na ile chumvi ya mashambani yenye tope achana nayo hata kama ni bei chee, sabuni haitakuwa angavu. Joto letu nalo linailegeza, ya asubuhi na ya saa nane mchana hazilingani uzito hata zikitoka ndoo moja.

Povu vilevile sio kipimo cha ukali. Sabuni za mashine ya kufulia zinatengenezwa makusudi zisitoe povu jingi na nguo zinatakata.

Kuna hawa wa "losheni yangu ya asili, haihitaji kihifadhi", yaani kitu cha kuzuia isiharibike. Ukishatia maji au utomvu wa aloe vera umewaandalia bakteria chakula, na wanaanza kuzaliana kabla hujaona ukungu wala kusikia harufu. Wengine wanakimbilia fomalini, ile dawa ya kuhifadhia maiti, ambayo shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka tangu 2004 kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, na mtu anapakaza mtoto! Sodiamu benzoeti, kihifadhi kingine, nayo inafanya kazi kwenye kitu chenye asidi, pH (kipimo cha asidi, ikipanda asidi inapungua) ikipita 5 inakuwa ipo ipo tu. Mimi nasema tumia kihifadhi cha fenoksiethanoli, isizidi asilimia 1 ya losheni yote.

Na wanaopaka glisalini wakitaka weupe, glisalini haimfanyi mtu mweupe, inavuta maji na kuyashikilia kwenye ngozi, basi. Ukichanganya na limau ukatoka juani unatafuta malengelenge na madoa meusi, maana limau likikutana na jua kwenye ngozi linaunguza. Glisalini izimue kwa maji tu, paka ukitoka kuoga ngozi ikiwa bado na unyevu.