Ufanisi wa nishati kiwandani: maana yake na namna ya kuupima

"Fundi, mwezi huu tumepona, umeme umeshuka." Aliniambia hivyo mwenye karakana moja ya milango hapa Tanga, Ramadhani ilipokwisha. Nikamuuliza, "Na milango, mzee, imetoka mingapi?" Akafungua daftari, akanyamaza. Milango ilikuwa nusu ya ile ya mwezi uliotangulia.

Mzee alikuwa amebana matumizi tu, bila ya kuwa na ufanisi wa nishati, na mambo haya mawili watu huyachanganya sana. Kubana matumizi ni kutumia umeme kidogo. Ufanisi wa nishati ni kutumia umeme kidogo kwa kazi ileile: mlango uleule, wa ubora uleule, kwa yuniti chache zaidi (yuniti moja ni kilowati moja kwa saa moja). Kiwanda kilichofunga geti hakili umeme, lakini hakuna atakayesema kina ufanisi. Kwa hiyo usiupime kwa bili. Chukua yuniti ulizotumia, uzigawe kwa kilichotoka.

Nitazilainisha namba zake ili zifuatike. Mwezi wa kwanza karakana ilitumia yuniti 1,800 ikatoa milango 120, yaani yuniti 15 kwa mlango. Mwezi wa Ramadhani ilitumia yuniti 1,440 kwa milango 60, yaani yuniti 24 kwa mlango. Bili imeshuka, huku kila mlango ukila umeme zaidi kuliko mwanzo.

Endelea na hesabu hiyo hatua moja zaidi, kwani hapo ndipo inaponifurahisha. Milango imepungua 60, yuniti zimepungua 360. Basi mlango mmoja, kwa kupasuliwa, kurandwa na kupuliziwa vanishi, unahitaji yuniti 6. Milango 120 ilistahili yuniti 720. Hizo 1,080 zilizobaki zilikwenda wapi? Hazifuati idadi ya milango hata kidogo. Zingeliwa hata kama mafundi wote wangeshinda barazani wanakunywa kahawa. Kwa bei ya T1, kundi la wateja wa kawaida, iliyoidhinishwa na EWURA, mdhibiti wa nishati, mwaka 2016, shilingi 292 kwa yuniti kabla ya kodi, hiyo ni zaidi ya laki tatu kwa mwezi. Si zote hasara, maana taa lazima ziwake, lakini sasa unajua pa kuanzia kutafuta.

Miezi miwili ni michache, kusanya walau sita. Na usilinganishe mwezi wa mtiki wa shamba la miti la Longuza na mwezi wa mninga kana kwamba ni mbao moja. Wenye LUKU, mita ya kulipia kabla, nawaomba jambo jingine: umeme ulionunua si umeme uliotumia. Ukinunua wa laki tano tarehe 28, nyingi ya yuniti hizo zitaliwa mwezi ujao. Andika salio lililo kwenye mita siku ya kwanza na ya mwisho, jumlisha salio la mwanzo na ulichonunua katikati, ndipo utoe salio la mwisho.

Kwa mzee yule, nilianza na kompresa. Saa ya chakula mashine zote zilizimwa, mafundi wakatoka, kompresa ikabaki imewashwa. Nikakaa na saa mkononi. Inanguruma dakika 2, inanyamaza dakika 3, inanguruma tena dakika 2. Hakuna bunduki ya rangi iliyokuwa inafanya kazi. Dakika 2 kati ya kila 5 ni asilimia 40, kwa hiyo asilimia 40 ya upepo wote ambao kompresa ile inaweza kuutoa ilikuwa inavuja. Tukachanganya sabuni na maji kwenye kopo, tukapaka kwa brashi kila kiungo cha mpira wa upepo. Penye tobo povu linafura na kupasuka, linafura na kupasuka. Tulipata sehemu saba, moja ikiwa kwenye kiungo kilichofungwa kwa kitambaa.

Upepo wa kompresa watu huuona wa bure kwa kuwa hewa ni ya bure. Kumbe ni nishati ya ghali kuliko zote karakanani, kwani sehemu kubwa ya umeme wa kompresa huishia kuwa joto. Tobo la milimita 3 kwenye presha ya bar 7 linamaliza karibu kilowati 3. Likivuja saa 9 kwa siku, siku 26, ni yuniti 700 hivi. Kisha presha yenyewe: kila bar moja unayoishusha inapunguza umeme wa kompresa kwa karibu asilimia 7, nayo bunduki ya vanishi haihitaji bar 8. Na kompresa iliyobanwa kwenye kona chini ya bati la jua letu hili, ikivuta hewa ya moto, inafanya kazi zaidi kwa upepo uleule. Ihamishie kivulini.

Zile yuniti 6 za kila mlango zinatafutwa kwingine: msumeno butu, mbao mbichi, mkanda uliolegea unaoteleza, mota iliyosukwa upya mara tatu na fundi wa haraka.

Kiwanda kikikua kikazidi wastani wa yuniti 7,500 kwa mwezi, kinaingia T2, kundi la wateja wakubwa zaidi, na hapo bili inabadilika sura. Kwa bei hizo za 2016, yuniti inashuka hadi shilingi 195, lakini unalipia pia kilele cha mzigo wako, yaani umeme mwingi zaidi uliouvuta kwa wakati mmoja; hupimwa kwa kVA, shilingi 15,004 kwa kila moja. Mota zisizobeba mzigo wa kutosha huharibu pawafakta, yaani sehemu ya umeme unaouvuta ambayo inafanya kazi kweli. Ni kama kuvuta mtumbwi kwa kamba ukiwa umesimama ubavuni: unatumia nguvu nyingi, na sehemu tu ndiyo inayousogeza mtumbwi. Mzigo wa kilowati 40 kwa pawafakta ya 0.7 ni kVA 57 hivi, kwa 0.95 ni kVA 42. Tofauti ni shilingi 225,000 kila mwezi, na kapasita zilizopimwa vizuri ndizo dawa. Ila wauzaji wake wasikuhadae: kapasita inapunguza hayo malipo ya kVA, yuniti zako hazitashuka kwa kiasi cha maana.

Ukitaka kujua karakana yako iko wapi, soma mita Jumamosi jioni mnapofunga, usome tena Jumatatu asubuhi kabla swichi yoyote haijaguswa. Kisha zunguka na daftari, utafute kilichokula hizo yuniti wakati mlango umefungwa.