"Kompyuta ipo, profesa wa hesabu wa nini?"

Wiki hii nimeulizwa tena, safari hii na mzee aliyemleta kijana wake ofisini kutafuta ushauri wa masomo. "Dokta, hizo hesabu siku hizi si zinafanywa na kompyuta?" Nimechoka kutabasamu. Fani yangu ni operesheni risechi, yaani hesabu za kutafuta namna bora ya kupanga kazi.

Chukua lori la soda, ghala moja na maduka 20. Lipite kila duka mara moja lirudi ghalani, kwa mzunguko mfupi kuliko yote. Kompyuta inayokagua mizunguko bilioni 1 kwa sekunde, ukiiachia ijaribu yote, itamaliza baada ya miaka 38. Ongeza duka moja tu: inapita miaka 800. Haya, nunua mashine yenye kasi mara kumi. Duka moja jipya likifunguliwa, kasi yote imemezwa.

Mwaka 1954 wanahisabati Dantzig, Fulkerson na Johnson walipata mzunguko mfupi kuliko yote wa miji 49 ya Marekani, wakipiga hesabu kwa mkono. Hawakujaribu njia zote. Waliandika kihesabu masharti ambayo mzunguko lazima uyatimize, wakatatua, na jibu likitoka bovu, yaani si mzunguko halisi, wakaongeza sharti la kulikata. Programu bora za kazi hii leo zimesimama juu ya wazo hilo. Ndiyo maana mwanafunzi anayekuja na laptopu bila masharti yake kwenye karatasi namrudisha. Penseli kwanza!

Yapo na mengine ninayoambiwa. "Usipobaki chuoni baada ya udaktari (PhD), uprofesa usahau." Dantzig huyohuyo alipata udaktari 1946 akiwa na kazi jeshi la anga la Marekani, akabuni 1947 mbinu ya simpleksi, ya kutafuta jibu bora penye masharti mengi, akahamia taasisi ya utafiti ya RAND 1952. Uprofesa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ulikuja 1960, akiwa na miaka arobaini na ushei.

"Operesheni risechi ni ya madaktari." Hakuna kisu hapa, si operesheni ya hospitali. Jina lilizaliwa Uingereza, miongoni mwa wanasayansi waliochunguza namna jeshi linavyotumia rada, kabla ya Vita Kuu ya Pili.

"Profesa anafundisha vipindi vinne, anapumzika." Mezani nina tasnifu mbili za kusahihisha na makala tatu za wenzangu za kukagua, bila malipo. Mzee wa watu aliweka kikombe cha chai juu ya mojawapo.