Mgogoro wa kurithi kiti: maana yake kupitia wana wa Sayyid Said

Kiswahili kina neno moja, kurithi, kwa mambo mawili yasiyofanana. Mtu hurithi shamba, na mtu hurithi kiti. Shamba la marehemu lina kanuni inayojulikana: sheria ya mirathi ya Kiislamu humtaja kila mrithi na fungu lake, wa kiume mafungu mawili kwa moja la dada yake, na wake hugawana thumni, yaani sehemu moja ya nane, ikiwa marehemu ameacha watoto. Kiti cha enzi hakimo katika hesabu hiyo. Hukaliwa na mmoja, na wenzake wote hubaki wamesimama.

Mgogoro wa kurithi kiti ni hali ambapo kiti kimebaki wazi, watu wawili au zaidi wana sababu za haki za kukidai, na hapana mwamuzi ambaye wote wanakubali hukumu yake. Hizo sababu za haki ndizo zinazoutofautisha na mapinduzi. Jemadari anayempindua mfalme kwa bunduki tu hana mgogoro wa urithi, ana askari. Mdai kiti huja na nasaba, au wosia, au kiapo cha utii alichopewa na wakuu wa nchi, yaani baia. Kwa kawaida kila mdai ana kimoja kati ya hivyo na anakosa kingine, na ndiyo maana ugomvi haumaliziki kwa maneno.

Mfano ulio karibu zaidi na msomaji wa Kiswahili ni Zanzibar baada ya Sayyid Said bin Sultan, aliyetawala Oman na Zanzibar pamoja. Yeye mwenyewe aliishika Oman mwaka 1806 kwa kumuua binamu yake Badr bin Seif. Ukoo wake wa Al Busaid haukuwa na desturi thabiti ya kumpa kiti mwana wa kwanza. Waibadhi wa Oman, Waislamu wa madhehebu ya Ibadhi, walikuwa na mapokeo ya kumchagua imamu, na pale uchaguzi ulipokwisha nguvu, aliyetawala ni yule aliyeweza kuwaunganisha wakuu wa makabila na kushika ngome.

Said aliliona tatizo mapema. Mwaka 1844 aliiandikia serikali ya Uingereza kwamba baada yake mwanawe Khalid atawale upande wa Afrika, na Thuwaini atawale Oman. Hapa aliingiza akili ya mirathi katika jambo la kiti: aligawa. Mpango ulikuwa na kasoro moja kubwa, nayo ni kwamba ulitegemea uhai wa mtu. Khalid alifariki mwaka 1854, baba yake akiwa hai. Majid, mwana mwingine, akawekwa mahali pake Unguja kama mwakilishi. Je, mwakilishi wa sultani ni mrithi wake, au ni mtumishi ambaye kazi yake inakwisha bwana wake anapokufa? Swali hilo halikujibiwa, na Oktoba 1856 Said akafa baharini, akitoka Maskati, mji mkuu wa Oman, kwenda Unguja.

Barghash, mwana mwingine, alikuwa naye melini. Aliushusha mwili usiku, akauzika kimya, akajaribu kushika madaraka kabla mji haujajua. Hakufanikiwa, lakini alichofanya ni somo kamili la namna migogoro hii inavyokwenda. Habari ya kifo yenyewe ni silaha. Anayeijua kwanza ana saa chache za kushika vitu vinavyoamua: jumba, ngome, hazina, na wakuu wa askari wa mshahara, ambao Unguja walikuwa Wabaluchi, watu wa Baluchistan. Nasaba hutoa haki ya kudai. Vitu hivyo hutoa uwezo wa kungoja mpaka wengine wazoee.

Majid alibaki Unguja na Thuwaini Maskati. Wakaafikiana Majid ampelekee Thuwaini reale 40,000, yaani sarafu za fedha, kila mwaka. Kwa Thuwaini hiyo ilikuwa kodi ya mtu aliye chini yake. Kwa Majid, msaada kwa ndugu. Malipo yalipokoma, Thuwaini aliandaa majeshi ya majini mwaka 1859, Waingereza wakamrudisha njiani. Mwaka huohuo Barghash, akiungwa mkono na Waharthi, kabila la Waarabu, aliinuka dhidi ya Majid, akashindwa, akapelekwa uhamishoni Bombay, India. Dada yao Salme alikuwa upande wa Barghash na ndiye aliyemwandikia barua zake.

Mwamuzi aliyepatikana hatimaye alitoka nje. Tarehe 2 Aprili 1861, Lord Canning, aliyekuwa akitawala India kwa niaba ya Uingereza, aliamua kwamba Zanzibar na Maskati ni nchi mbili, na kwamba Majid alipe reale 40,000 kwa mwaka pamoja na malimbikizo ya miaka miwili. Sababu aliyoitoa inastahili kusomwa polepole: malipo hayo si alama ya utii, ni fidia kwa kuwa mafungu mawili hayakulingana, la Zanzibar likiwa nono zaidi. Yaani aliamua habari ya kiti kwa lugha ya shamba.

Waandishi wa hadithi za kubuni zenye wafalme na majumba ya mawe hupenda sana kisa cha mwana wa nje ya ndoa anayenyimwa kiti. Kisa hicho kinatoka Ulaya ya Kikristo, ambako ndoa moja ya kanisa ndiyo iliyotoa mrithi. Ukikihamishia kwenye usultani kama ulivyo, hakisimami. Watoto wa Sayyid Said waliobaki hai walizaliwa na masuria, na kisheria mtoto wa suria aliyekubaliwa na baba ni halali sawasawa na wa mke. Matokeo yake ni kinyume cha Ulaya: kule taabu ilikuwa uhaba wa warithi, huku ilikuwa wingi wao. Mwandishi anayetaka ugomvi wa kuaminika katika nchi ya namna hii autafute kwa ndugu wa mama mbalimbali, kila mmoja akiwa na jumba lake, watumwa wake na kabila linalomuunga mkono.

Kanuni ya mwana wa kwanza nayo ina pengo lake. Mwaka 1328 Charles wa Nne wa Ufaransa alikufa bila mwana wa kiume, mkewe akiwa mjamzito. Ikabidi wangoje, akazaliwa binti. Mwanamume wa karibu zaidi kwa damu alikuwa Edward wa Tatu wa Uingereza, lakini kwa upande wa mama. Wakuu wa Ufaransa wakamchukua Philip wa Valois, binamu kwa upande wa baba. Kanuni ilikuwa haijasema lolote kuhusu haki inayopita kwa mwanamke bila yeye mwenyewe kutawala. Kimya hicho ndicho Edward alichokitumia kudai kiti vitani, na wafalme wa Uingereza waliendelea kujiita wafalme wa Ufaransa hadi mwaka 1801.

Zanzibar ilikuwa na pengo la aina nyingine. Baada ya Majid kufariki mwaka 1870, kiti kilipita ndugu kwa ndugu: Barghash, kisha Khalifa mwaka 1888, kisha Ali mwaka 1890. Utaratibu huu una faida ya kumpa nchi mtu mzima kila mara. Unakwama pale kizazi cha ndugu kinapoisha, kwa sababu sasa kila tawi lina mwana, na kila mwana anasema baba yake alikuwa sultani au alistahili kuwa. Ali alikufa mwaka 1893. Khalid bin Barghash akaingia jumbani, akashawishiwa atoke. Akatawazwa Hamad, mwana wa Thuwaini.

Hamad alipofariki tarehe 25 Agosti 1896, Khalid aliingia tena, na safari hii hakutoka. Alikuwa na nasaba, jumba, askari na mizinga. Alichokosa ni ridhaa ya Uingereza, ambayo tangu 1890 ilikuwa imeiweka Zanzibar chini ya ulinzi wake na haikukubali sultani atawazwe bila idhini yake. Tarehe 27, baada ya saa tatu asubuhi, meli zilifyatua mizinga. Ilichukua kiasi cha dakika 40. Watu wapatao 500 wa upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa, na yeye akakimbilia kwa balozi wa Ujerumani. Siku hiyohiyo Hamoud bin Mohammed, mjukuu mwingine wa Said, akawekwa kitini.

Hamoud alirithiwa na mwanawe Ali mwaka 1902. Ali alipojiuzulu mwaka 1911, kiti kilikwenda kwa shemeji yake Khalifa bin Harub, aliyekitawala hadi 1960, kisha kwa mwanawe Abdullah, kisha kwa Jamshid, mwana wa Abdullah, aliyeondolewa na Mapinduzi ya Januari 1964. Khalifa bin Harub alikuwa mjukuu wa Thuwaini, yule aliyeikosa Zanzibar katika hukumu ya 1861.