Germantown, 1683: yanayosimuliwa na yaliyotokea

Kila tarehe 6 Oktoba Wamarekani wenye asili ya Ujerumani huadhimisha siku yao. Ndiyo siku meli ya Concord ilipofika Philadelphia mwaka 1683, ikiwa na familia 13 kutoka Krefeld, karibu na mto Rhine. Familia hizo zilianzisha Germantown, ambayo leo ni sehemu ya jiji la Philadelphia. Masimulizi yake yamejaa makosa, na lililo zito kuliko yote mara nyingi ndilo linaloachwa.

Wengi huamini kuwa hao ndio Wajerumani wa kwanza kukanyaga Marekani. Sivyo. Jamestown, huko Virginia, ilikuwa na mafundi wa Kijerumani tangu 1608. Peter Minuit, aliyeongoza koloni la Waholanzi lililokuja kuwa New York, alizaliwa Wesel, mji wa Ujerumani. Jipya la Germantown ni kwamba watu walihama kwa pamoja, wake kwa waume na watoto, wakajenga mji wao na kubaki hapo.

Je, wote walikuwa Wajerumani? Tazama majina yao: Op den Graeff, Strepers, Lensen, Kunders. Krefeld ya wakati huo ilitawaliwa na ukoo wa Orange wa Uholanzi, na wengi wa wahamiaji hao walizungumza Kiholanzi. Isitoshe, Ujerumani kama dola moja haikuwapo hadi 1871. Waingereza nao waliwaita watu wa pande zote mbili kwa neno moja, Dutch, na ndiyo maana hadi leo jamii inayoitwa Pennsylvania Dutch ina asili ya Ujerumani, si Uholanzi. Sisi tuna ndugu wa neno hilo: wazee wetu walimwita Mjerumani Mdachi, kutokana na Deutsch, jina ambalo Wajerumani hujiita wenyewe.

Kuna pia picha ya Francis Daniel Pastorius akiwaongoza watu wake kushuka melini. Mwanasheria huyo wa Sommerhausen alitangulia kwa meli nyingine, akafika tarehe 20 Agosti. Alikuwa wakala wa wanahisa wa Frankfurt walionunua ardhi kwa William Penn, mwanzilishi wa koloni la Pennsylvania, na wanahisa hao hawakuja kamwe. Watu wa Krefeld walikuwa wamenunua ardhi yao wenyewe kabla ya kuondoka. Waligawana viwanja vyao kwa kura Oktoba hiyohiyo, ndani ya pango alimoishi Pastorius ukingoni mwa mto Delaware.

Ardhi hiyo haikuwa tupu. Ilikuwa nchi ya Walenape, wenyeji wa asili wa eneo hilo.

Wala hawakuwa matajiri. Wengi walikuwa wafumaji wa kitani, na dhiki ya mwanzo ilikuwa kali hata watu wakaligeuza jina la mji kuwa utani: badala ya Germantown, Armentown, yaani mji wa maskini. Muhuri wa mji ulikuwa na jani lenye sehemu tatu, zikionyesha mzabibu, kitani na kifaa cha mfumaji. Mwaka 1690 William Rittenhouse, mhubiri wa Kimennonite (dhehebu la Kikristo), alishiriki kujenga hapo kinu cha kwanza cha karatasi katika makoloni ya Waingereza.

Sasa lile zito. Husemwa kuwa Waquaker wa Pennsylvania, dhehebu la Kikristo linalojiita Marafiki, walipinga utumwa tangu mwanzo. Ukweli unauma. Penn mwenyewe alimiliki watumwa, na Marafiki wengi waliwanunua bila kuona aibu. Waliosimama walikuwa wanne wa Germantown: Garret Hendericks, Pastorius, na ndugu wawili, Derick na Abraham Op den Graeff. Mwezi Aprili 1688 waliandika hati kwa Kiingereza cha kubabaisha, lakini hoja zao zilikuwa wazi kabisa. Je, nani angependa kutendewa hivyo? Mabaharia wa Ulaya waliogopa kutekwa na Waturuki na kuuzwa. Kuna tofauti gani na Waafrika walioibwa na kuletwa bila ridhaa? Wakauliza pia kama watu hao hawana haki ya kupigania uhuru wao, sawa na haki ambayo mabwana wanajipa ya kuwashikilia.

Mara nyingi hati hiyo hutajwa kama kilio cha kwanza dhidi ya utumwa Marekani. Waafrika waliotekwa walikuwa wakipinga muda mrefu kabla yake, kwa kutoroka na kwa kuasi. Wala haikumkomboa mtu mara moja. Mkutano wa kwanza wa Marafiki ulisema jambo ni zito mno, ukaipeleka kwa mkutano mkubwa zaidi, nao ukaisogeza juu hadi mkutano wa mwaka wa Burlington, ambao ulikataa kuamua. Mkutano huo wa mwaka uliwakataza wanachama wake kumiliki watumwa mwaka 1776, miaka 88 baadaye.

Karatasi yenyewe ilisahaulika kabisa. Ilipopatikana tena mwaka 1844, watu bado walikuwa wakiuzwa sokoni katika majimbo ya kusini.