Mchirizi wa haidroli kwenye grini ni nini?

Mchirizi wa haidroli ni mstari wa nyasi zilizoungua unaobaki kiwanjani baada ya mashine ya kukatia kuvuja mafuta ya haidroli, yaani mafuta yanayosukuma sehemu zake kwa shinikizo, ikiwa kazini. Kwenye kiwanja cha gofu, pabaya zaidi ni grini, sehemu yenye shimo, kwa sababu nyasi zake hukatwa hadi milimita 3 hivi na kasoro ndogo tu huupotosha mpira.

Kinachoua kwanza ni joto. Mafuta ya mashine iliyofanya kazi kwa muda yanaweza kufika nyuzi 80 za Selsiasi, na jani likiguswa huungua papo hapo. Yanayobaki hulifunika jani, kisha huingia udongoni na kuufanya ukatae maji. Ndiyo maana hata mafuta yatokanayo na mimea, ambayo wengi huyaona salama, huacha mstari uleule. Nafuu yake ni kwamba huoza upesi zaidi. Petroli nayo huunguza majani, ila huvukiza haraka na kuuachia udongo nafasi.

Kwa hiyo tusidanganyane: jani lililopigwa na mafuta ya moto halirudi. Kazi inayofuata ni ya kuokoa udongo.

Dereva akiona uvujaji, ainue visu na kuitoa mashine nje ya grini kwa njia fupi kabisa. Akisimama papo hapo, mstari unageuka kuwa dimbwi. Asifuate haraka na bomba la maji, kwani mafuta huelea na kusambaa. Mwaga mchanga mkavu juu ya mstari, uache unyonye, kisha uzoe bila kusugua wala kufagia kwa upana. Baada ya hapo ndipo huja sabuni ya maji ya kuoshea vyombo iliyochanganywa na maji, halafu maji mengi safi.

Mstari mwembamba, nyasi zikiwa za kutambaa na hali ya hewa ikiwa ya joto, hujifunga wenyewe kutoka pembeni. Mpana unahitaji viraka. Kifaa cha kukatia mashimo, chenye kipenyo cha milimita 108, hutoa kiraka kilichokufa na kile kizima cha kutoka kitaluni kwa kipimo kilekile. Kilinganishe kabisa na uso wa grini: kikichomoza, visu vitakinyoa hadi kwenye udongo; kikizama, mpira utayumba. Tandaza mchanga kidogo kwenye maungio na umwagilie.

Umande wa asubuhi huficha mafuta, hivyo dereva anaweza kuharibu grini kadhaa kabla ya kugundua. Kila siku kabla ya kazi, kagua hozi, yaani mipira ya kupitishia mafuta, zinazosuguana na fremu, maungio yaliyolegea na raba za kuzibia. Usipapase hozi kwa mkono injini ikiwaka. Pitisha kipande cha kadibodi kando yake uone kama kitalowa mafuta. Mafuta yenye shinikizo hutoboa ngozi, na jeraha hilo, hata likiwa dogo kama tundu la sindano, ni la kukimbizwa hospitali.